Je, Tununue Gari Lililokuwa la Kukodishwa?

(Mazungumzo ya wajumbe watatu wa ununuzi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Kwa heshima kubwa tunawakumbuka bibi zetu waanzilishi, waliokuja na sanduku la bati lenye kufuli tatu wakati wengi wetu tulikuwa bado tunacheka tukisema hawa mama wanacheza upatu. Historia ya kikundi wenzetu wamekwisha kuieleza, nasi hatutairudia. Tumepewa jambo moja tu, na ni jambo la fedha, kwa hiyo tunaomba utulivu, na wale walioko jikoni wasogee dirishani wasikie.

Mnakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita ulituagiza sisi watatu tutafute gari la kubebea viti na maturubai yetu. Tuliporudi na habari kwamba magari tunayoyamudu kwa bei ni yale ambayo wenyewe walikuwa wakiyakodisha, ukumbi uligawanyika. Wapo waliosema kitu cha kukodi hakina mwenye uchungu nacho, tusikiguse. Wapo waliosema bei ni nzuri, tunangoja nini. Mkatuagiza tukachunguze tulete jibu siku ya sherehe. Jibu tunalisema mapema: tununue, ila si gari lolote tu lililokuwa la kukodishwa, na si kwa bei inayotajwa sasa. Maneno yanayofuata ni ya kuwaonyesha tumefikaje hapo, ili anayetaka kutupinga apinge akiwa na sababu.

Kwanza fedha yenyewe. Mfuko wa mradi una Sh. 24,000,000/=. Ni faida ya kukodisha viti, maturubai na masufuria tangu mwaka 2018. Hisa za wanachama hazimo humo, mfuko wa jamii haumo humo, na hakuna kitakachochukuliwa huko hata gari likipungukiwa tairi moja. Mwaka jana tulikwenda kwenye shughuli 96, za harusi, misiba, kipaimara, maulidi na mikutano, na tukalipa usafiri Sh. 4,610,000/=. Mtu akiangalia haraka atasema gari litajilipa kwa miaka minne au mitano. Si kweli. Gari letu litahitaji mafuta, dereva, bima na tairi, kwa hiyo akiba halisi itakuwa ndogo sana kuliko hiyo. Faida itapatikana tu ikiwa siku ambazo hatuna shughuli gari litafanya kazi za watu wengine. Maana yake ni kwamba sisi nasi tutakuwa tunakodisha gari. Jambo hilo tutalirudia mbele.

Sasa tuseme juu ya hofu yenyewe. Jamani kina mama, hapa Dodoma nani anajua tabia ya kitu cha kukodishwa kuliko sisi? Sufuria letu la pilau likienda harusini linarudi limeungua chini. Turubai linarudi na tundu la sigara. Viti tunavikuta vimepangwa vizuri, kumbe katikati ya safu wameficha kile chenye mguu uliopasuka. Aliyekodi anajua kesho hatakuwa nacho. Kwa hiyo wanaoogopa wana haki.

Lakini tazameni na upande wa pili. Kila kitu chetu kikirudi, mtunza stoo anakihesabu, anakigeuza, anakiandika kwenye daftari, na anakata kwenye amana ya aliyeharibu. Sufuria namba 7 tunajua lilitoboka lini na lilizibwa na nani. Linganisheni na lile sufuria kubwa la nyumbani kwako, ambalo limekwenda kwa jirani, kwa wifi na kwa jumuiya. Ukitaka kuliuza leo, unaweza kumwambia mnunuzi limepitia wapi? Huwezi. Kukodishwa kunachakaza kitu, lakini anayekodisha kwa uangalifu anakijua kitu chake. Anayekodisha bila uangalifu ndiye hatari, maana kwake uchakavu upo na habari haipo.

Tulipoingia mitaani tukaona kwamba neno "gari la kukodisha" linafunika mambo tofauti kabisa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati mwaka 2016, alipotangulia Waziri Mkuu, akafuata Makamu wa Rais mwaka 2017 na Rais mwaka 2019, mji wetu umepata wageni wa kila aina wanaohitaji gari kwa siku mbili au tatu. Bunge la bajeti likikaa kuanzia Aprili mpaka Juni, mtu mwenye gari dogo anaweza kulikodisha kila siku. Mengi ya hayo mgeni anapewa funguo anaendesha mwenyewe. Leo analo kijana anayekimbilia Kondoa, kesho analo mtu anayekwenda Singida kwenye msiba na kurudi usiku huohuo, keshokutwa linabeba maharusi. Hakuna kati yao atakayelipia klachi.

Aina ya pili ni gari linalokodishwa pamoja na dereva wake, kwa mkataba wa mwezi au mwaka. Dodoma tumeona kazi kubwa katika miaka hii: reli mpya ya SGR ambayo treni zake za kutoka Dar es Salaam zilianza kufika kwetu mwaka 2024, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilometa 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, na Mji wa Serikali kule Mtumba. Kazi za namna hiyo hutumia magari mengi ya watu binafsi kwa mkataba. Gari hilo linapigwa jua na vumbi kila siku, ni kweli, lakini mtu anayelishika usukani ni mmoja, na likiharibika mwenye gari halipwi siku hiyo. Kwa hiyo analitengeneza. Na kazi ikiisha, gari linabaki halina mkataba na mwenyewe analiuza. Hapo sababu ya kuuza ni kwamba kazi imekwisha. Lile la kwanza aghalabu linauzwa kwa sababu gari lenyewe limekwisha.

Ndiyo maana hatukukubaliana na ndugu zetu waliotuletea habari za Ulaya na Marekani, kwamba huko watu hununua magari ya kukodishwa na hawapati shida. Huko kampuni kubwa inanunua gari jipya kabisa, inalikodisha mwaka mmoja au miwili, inaliuza lingali na nguvu. Kwetu mtu ananunua gari ambalo tayari lilitumika Japani miaka kumi au zaidi, analikodisha mpaka lichoke, ndipo linakuja kwako. Jina ni moja, hali si moja.

Na hapo hapo tuseme neno kwa wale wanaotaka tuagize Japani ili tupate "gari ambalo halijakodishwa". Nani kawaambia? Japani nako magari ya kukodishwa yapo tele, na namba zake huwekewa herufi maalumu, "wa" au "re", ili yajulikane. Likiuzwa nje ya nchi namba ile inabaki huko. Habari hubaki kwenye karatasi ya mnada, ambayo imeandikwa kwa Kijapani, na sijui ni nani kati yetu atakayeisoma. Huenda baadhi ya magari mnayoyasifia mtaani kwamba "limetoka Japani juzi" yamebeba watalii wa huko miaka mingi. Cha kushangaza ni kwamba huko gari dogo la kukodishwa hukaguliwa na serikali mara nyingi zaidi: baada ya miaka 2 ya kwanza, halafu kila mwaka, wakati la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2. Kwa vyovyote, tulipopiga hesabu ya ununuzi, meli, ushuru wa forodha, VAT na ushuru wa uchakavu, lori dogo kutoka Japani lilipita mfuko wetu mbali. Hilo tuliliacha.

Wapo pia waliotushauri tuchukue mkopo usio na riba wa Halmashauri, ile asilimia 4 ya kina mama, tununue gari la maana. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024, na kikundi chetu kina sifa za kuomba. Maoni yetu ni kwamba mkopo huo tuuweke kwa ajili ya mashine ya kukamulia alizeti tuliyokwisha kuizungumza. Gari linaweza kulala gereji wiki tatu, na marejesho hayalali.

Basi tulikagua magari matatu. La kwanza ni Toyota Noah iliyokuwa inakodishwa bila dereva hapa mjini, na bei yake ilikuwa Sh. 11,500,000/=. Inang'aa! Ina kapeti mpya, mfuniko mpya wa viti, manukato. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa imetembezwa sana, maana madalali watatu tofauti walitupigia simu juu ya gari hilohilo kwa bei tatu tofauti. Mita ilikuwa inasoma kilometa 84,000. Tukakaa chini tukapiga hesabu. Gari lina namba D, mwenyewe anasema amelikodisha miaka mitano. Tuseme lilitoka siku 15 kwa mwezi, na kila siku likatembea kilometa 100 tu, ambayo ni kidogo kwa mtu anayekwenda Iringa au Morogoro. Hiyo ni kilometa 18,000 kwa mwaka, na 90,000 kwa miaka mitano, bado hujahesabu ilizokuja nazo kutoka Japani. Sasa 84,000 imetoka wapi? Raba ya pedali ya breki imekwisha mpaka chuma kinaonekana, usukani umekuwa laini kama mpini wa jembe la bibi. Hivyo vitu havirudishwi nyuma kama mita.

Tuliandika namba yake kwenye mfumo wa faini wa Polisi wa Usalama Barabarani, tukakuta faini nne hazijalipwa, kila moja Sh. 30,000/=, tatu kati ya hizo ni za mwendo kasi, na zote ni za mikoa mbalimbali. Sh. 120,000/= si fedha ya kutuua, lakini ile orodha ilitueleza gari liliendeshwaje kuliko alivyotueleza mwenyewe. Kisha fundi akafungua mfuniko wa rejeta. Ninyi mnajua maji ya visima vyetu yalivyo na chumvi, mnaona ukoko unaoganda ndani ya birika. Ndani ya rejeta ile ukoko ulikuwa hivyohivyo. Kila aliyekodi, gari likichemka, aliongeza maji ya bomba lililo karibu. Tukashukuru, tukaondoka. Zaidi ya hayo Noah haibebi turubai la watu mia mbili, na tunashangaa kwa nini tuliletewa.

La pili ni Mitsubishi Canter ya tani 2, mali ya mkulima mmoja wa upande wa Kibaigwa. Huyu alisema kwa fahari kwamba halijawahi kukodishwa hata siku moja. Bei Sh. 21,000,000/=. Rangi safi, kabati safi. Tukamwuliza oili ilibadilishwa lini, akasema "si muda mrefu". Kwa fundi gani? "Mafundi wako wengi." Karatasi? Hakuna. Fundi wetu akaingia chini na tochi, akakuta chesesi imechomelewa sehemu mbili, na springi za nyuma zimelala. Gari lilikuwa linabeba mahindi kwenda sokoni Kibaigwa, na ninyi mnajua msimu wa mahindi mtu hahesabu magunia, anahesabu safari. Uchungu wa mwenye mali haukulisaidia gari hilo. Tunalitaja kwa sababu moja tu, kuwaonyesha kwamba "la binafsi" nalo si hirizi.

La tatu ndilo tunalolileta mbele yenu. Ni Canter nyingine ya tani 2, ilikodishwa miaka minne kwa mkataba pamoja na dereva kwenye kazi za barabara. Bei inayotajwa ni Sh. 19,000,000/=. Kwa sura ni baya, hatuwafichi. Bodi ya mbao imevunjika upande mmoja, mlango wa kushoto umebonyea, rangi imeliwa na jua. Mita imekufa, na mwenyewe alituambia kabla hatujauliza. Lakini akatoa daftari. Jamani, lile daftari! Ni la shule la kurasa 96, limechakaa, lina alama za vidole vya oili, na ndani dereva ameandika kila kitu: tarehe ya oili, tarehe ya kupuliza chujio la hewa, lini limewekwa jipya, tairi zimefungwa lini na wapi, breki, klachi, hata balbu. Kwa vile mita imekufa walikuwa wanabadilisha oili kwa tarehe, kila baada ya wiki sita. Chujio la hewa lilipulizwa kila Jumamosi. Kwa vumbi la huku kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba, chujio hilo ndilo linaloamua injini itaishi au itakufa, maana vumbi likipita linasaga vyuma kama mchanga kwenye kinu.

Tulimtafuta yule dereva, bila mwenye gari kuwapo. Alitueleza ubaya ambao mwenye gari hakuusema: gia ya pili inakataa asubuhi kabla gari halijapata moto, na springi moja ya nyuma ilibadilishwa kwa iliyotumika. Tuliporudi kwa fundi akathibitisha yote mawili. Shuhuda wa namna hiyo ana thamani kuliko rangi mpya.

Kuhusu fundi, mtusamehe tukisema kwa urefu kidogo. Dalali alituambia, "Kina mama, mambo ya magari waachieni kina baba, mimi nitawaletea fundi." Tukamjibu kwamba fedha ni zetu, na fundi atakuwa wetu. Fundi anayeletwa na dalali analipwa na dalali, hilo halihitaji elimu ya chuo kikuu. Tulitafuta mafundi wawili wa gereji mbili tofauti, wasiojuana na muuzaji, tukawalipa kila mmoja Sh. 50,000/= iwe gari zuri au baya. Wote wawili walikuja asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa sababu gari lililokwisha kupata moto linaficha maradhi. Waliangalia moshi wa kwanza: wa buluu ni oili inaungua, mweusi mafuta hayachomwi sawasawa, mweupe mzito usiokoma huenda maji yameingia ndani. Walichomoa kijiti cha oili kuona kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Walilipeleka mlimani likiwa na mzigo. Makadirio yao ya matengenezo yalipishana kidogo, tukachukua lile kubwa: Sh. 2,700,000/= kwa gia boksi, springi, bodi na tairi mbili.

Sasa karatasi, na hapa ndipo vikundi vingi vimelia. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na kadi. Tumezisoma wenyewe kwa tochi, zinalingana. Rangi ya namba iseme ukweli: njano ni ya gari binafsi, nyeupe ni ya biashara. Wapo wanaokodisha magari yenye namba ya njano na bima ya matumizi binafsi, na siku ya ajali kampuni ya bima inauliza gari lilikuwa kwenye kazi gani. Canter yetu hii ina namba nyeupe na leseni ya LATRA. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi. Mtaani kuna magari yameuzwa mara tatu kwa kadi ileile, kila mnunuzi akikwepa gharama ya kuhamisha umiliki, na wa mwisho ndiye anayeachwa akimtafuta mtu aliyehamia mkoa mwingine. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenye gari, ujue deni lipo. Sisi tutalipa kupitia benki, mbele ya wakili, na fungu la mwisho litatoka pale tu maombi ya kuhamisha umiliki yatakapokuwa yamepokelewa TRA.

Na kadi mpya itaandikwa jina la nani? Kwenye mkutano uliopita kuna waliosema tuandike jina la Mama Mwenyekiti ili kuokoa muda, kwa vile tunamwamini. Mama Mwenyekiti, tunakuamini, na wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kukataa. Mtu akifariki, kilicho kwa jina lake ni mirathi. Watoto wake hawatakuwa na kosa wakisema gari ni la mama yetu, kadi hii hapa. Sisi kina mama tumeona nyumba na mashamba yakienda hivyo, hatuna haja ya kuona tena na gari. Kikundi kimesajiliwa Halmashauri ya Jiji, tulisajiliwa upya chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na maombi ya namba ya mlipakodi ya kikundi yameshapelekwa. Ikichelewa, gari litangoja. Likipata mnunuzi mwingine, na lipate.

Tulisema tutarudia jambo la sisi kukodisha gari. Siku ambazo hatuna viti vya kupeleka, Canter itabeba mizigo ya watu: zabibu za Hombolo, samani za wanaohamia Nzuguni na Ihumwa, saruji, mchele wa Bahi. Ule utaratibu wa hesabu, kwamba dereva alete kwa tajiri kiasi fulani kila jioni na kinachozidi ni chake, sisi tunaukataa. Dereva wa hesabu anakimbia, anazidisha mzigo, anamwachia deiwaka usukani akichoka, na oili haimhusu. Tungekuwa tumekagua magari miezi miwili ili tulifanye letu liwe kama lile la Noah. Tunapendekeza dereva wa mshahara, na tumeanza mazungumzo na yuleyule mwandishi wa daftari, ambaye mkataba wa tajiri wake ukiisha naye hana kazi. Hajakubali bado. Mshahara anaoutaka ni mkubwa kuliko tulivyofikiria, na mhasibu wetu amenuna. Sisi tunaona anastahili. Daftari litaendelea, na kila Jumatatu mtunza stoo atalisoma kama anavyosoma la masufuria.

Limebaki suala la bei. Tukilipa Sh. 19,000,000/= zinabaki 5,000,000/=. Toa matengenezo 2,700,000/=, toa bima, leseni na gharama za kuhamisha umiliki ambazo tumezitengea 1,100,000/=, inabaki Sh. 1,200,000/=. Hiyo ni akiba ya tairi mbili na maombi. Gari la umri huu likivunjika mwezi wa pili tutakuja kwenu kuomba hisa, na tumeapa hatutaomba. Kwa hiyo tunaomba mtupe ruhusa ya kutoa Sh. 17,500,000/=, na mwisho wetu uwe 18,000,000/=. Kwa bei hiyo ya mwisho akiba itakuwa 2,200,000/=. Muuzaji akikataa tutarudisha fedha benki na kuendelea kukodi gari la kubebea viti kama mwaka jana, jambo ambalo halijatuua.

Gari litakuwapo uwanja wa ofisi ya kata Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, injini ikiwa baridi. Daftari litakuwa mezani, atakayetaka alisome, ila asilale nalo. Mafundi wote wawili watakuwapo kujibu maswali. Jumapili baada ya ibada tutapiga kura kwa karatasi, na katiba yetu inataka theluthi mbili, yaani wanachama 20 kati ya 30. Anayeuguza atume karatasi yake ndani ya bahasha kwa mtunza sanduku kabla ya saa 8 mchana.